Baiskeli na Njia za Kilimanjaro

Baiskeli tumeizoea hata twadhani ilikuwako siku zote. Lakini umri wake si mrefu, na habari zake zina utamu na uchungu. Yafaa tuzijue, maana sisi wa mitelemko ya Kilimanjaro nasi tumo ndani yake.

Chombo cha kwanza cha namna hii kilifanywa na Mjerumani, Karl von Drais, mwaka 1817. Kilikuwa cha mti, chenye magurudumu mawili, wala hakikuwa na pedali. Mpandaji alijisukuma kwa miguu yake. Baadaye zikaja baiskeli zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Kwa moja ya hizo Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwezi wa Aprili 1884, akafika Yokohama katika nchi ya Japani mwezi wa Desemba 1886. Bahari alizivuka kwa meli, na nchi kavu alipanda maili kama 13,500. Ndiye wa kwanza kuizunguka dunia hivyo.

Mtu huyo huyo alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1889, ametumwa na gazeti la New York kutafuta habari za Stanley, akasafiri mpaka nchi za Kilimanjaro. Lakini aliyeizunguka dunia kwa magurudumu, huku alikwenda na msafara wa wapagazi. Njia zetu zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, zenye miiba, na mito isiyo na madaraja. Mizigo yote ilikaa juu ya vichwa vya watu.

Siku zile zile mambo yaligeuka. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya magurudumu sawasawa, yenye mnyororo, kama hizi tunazozijua. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast akafanya tairi la mpira lenye upepo ndani. Safari ikawa laini, na watu wengi wakataka baiskeli.

Basi, mpira ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo, nchi iliyotawaliwa na Mfalme Leopold tangu 1885 hata 1908. Vijiji viliamriwa kuleta mpira. Visivyotimiza, watu wao walipigwa, wake zao wakafungwa, wengine wakakatwa mikono au kuuawa. Baiskeli haikuwa sababu peke yake, lakini ilizidisha haja ya mpira. Chombo kilichowapunguzia wengine taabu ya njia kiliwatwika ndugu zetu mzigo wa damu.

Kwetu, reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na barabara zikaongezeka. Kahawa ikaleta fedha, na mwaka 1925 wakulima Wachaga wakaanzisha chama chao. Mwalimu, karani na mkulima wa kahawa wakajipatia baiskeli. Watu wa Sanya Juu wajua tabia yake mlimani: kutelemka kwenda Boma Ng'ombe ni breki tu, na kurudi ni kuisukuma, jasho likitoka. Hata hivyo, mkungu wa ndizi uliofungwa nyuma haumchoshi mtu shingo.

Siku hizi wageni huja kutoka mbali kuuzunguka mlima wetu kwa baiskeli, kwa kupenda tu, na pikipiki zimezagaa. Lakini jambo moja halikubadilika sana. Tangu mwanzo baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya baba au ya kijana mwanamume. Mama aliendelea na mkungu kichwani, na binti na ndoo yake. Mara nyingi twamwona mume amepanda, na mkewe afuata nyuma na mzigo.

Basi, ndugu, palipo na baiskeli moja nyumbani, na tuulize kwanza ni nani abebaye mzigo mzito kupita wote. Huyo apewe usukani, na asiyejua kupanda afundishwe.