Pompeii na Goma: miji miwili iliyofunikwa na mlima

Familia inayotoka Nyamitaba kwenda Goma hupita Sake, na kuanzia hapo nchi hugeuka kuwa nyeusi. Watoto waliozoea udongo wa Masisi, malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe, huuliza mawe haya yametoka wapi. Karibu na Sake jibu ni la wakati wa mababu: mlima Nyamulagira ulilipuka mwaka wa 1938, na lava yake ikateremka hadi Ziwa Kivu. Kule Goma jibu ni la juzi, na wazazi wengi wanalikumbuka bila kusoma kitabu.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ulipasuka ubavuni, upande wa kusini. Lava ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Watu wapatao 400,000 walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Kadiri ya 120,000 walibaki bila nyumba. Waliokufa walizidi mia moja, na kati yao wengi hawakuuawa na lava yenyewe bali na kituo cha mafuta kilicholipuka siku chache baadaye, watu wakiwa wanachota mafuta. Kanisa kuu la Saint-Joseph liliungua paa, lava ikajaa ndani, kuta zikabaki zimesimama. Kwa miaka mingi aliyeingia humo alikanyaga sakafu mpya ya mawe, na ile ya zamani ilikuwa chini ya miguu yake.

Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto magofu kwa siku moja hahitaji kupanda ndege kwenda Italia. Lakini habari ya Italia inafaa kusimuliwa mahali kama hapo. Pompeii ulikuwa mji wa Waroma karibu na Napoli, chini ya mlima Vesuvio. Mwaka wa 79 mlima ulilipuka, na mji ukafunikwa na majivu na vijiwe vyepesi, si lava kama ya Goma. Ndiyo sababu vitu vingi havikuteketea. Watu walipoanza kuchimba mwaka wa 1748 walikuta barabara, maduka, maandishi ya wapita njia ukutani. Katika tanuri moja ilikutwa mikate 81, imekauka na kuwa myeusi kama makaa. Mwaka wa 1863 Giuseppe Fiorelli alimimina plasta katika mashimo yaliyoachwa na miili iliyooza, na watu wa kale wakaonekana tena, mmoja amejikunyata, mwingine amefunika uso. Jambo kama hilo liliwapata wanyama wa kwetu: Nyiragongo ulipolipuka tarehe 10 Januari 1977, lava ilikimbia kuliko gari na kuwakuta ndovu msituni, ikaacha mashimo yenye umbo lao.

Pompeii unatembelewa na mamilioni ya watu kila mwaka kwa sababu moja: mji haukujengwa upya. Goma ni kinyume chake. Mwaka wa 2002 watu walianza kurudi baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado ya moto. Walijenga nyumba za mbao juu ya lava, wakapasua lava hiyo kwa nyundo na kuifanya kuta za uzio. Chukudu zikapita tena, soko likafunguliwa. Kwa hiyo anayetafuta magofu ya 2002 leo anakuta wakaaji, na mara chache ukuta mzee ambao dirisha lake liko karibu na ardhi.

Je, waliookoka Pompeii walikwenda wapi? Kwa muda mrefu wataalamu walijali wafu zaidi kuliko wao. Mwanahistoria Steven Tuck, wa chuo kikuu cha Miami huko Ohio, Marekani, alifuata majina ya ukoo. Majina yaliyojulikana Pompeii na Herculaneum kabla ya mlipuko aliyakuta baadaye kwenye makaburi na mawe ya Cumae, Puteoli, Napoli, Ostia. Aligundua kwamba familia hizo zilioana sana wao kwa wao kule ugenini. Kaisari Tito aliteua wakubwa wawili wa kusimamia msaada, na mali ya waliokufa bila warithi ikawekwa kwa ajili ya kuijenga upya miji iliyoharibika. Mtu aliyewahi kupanga mstari wa kugawiwa unga atajiuliza ni kiasi gani kilifika mikononi mwa waliopoteza. Hata hivyo majina yalidumu.

Katika Kivu njia ya wakimbizi imekwenda pande zote mbili. Nyiragongo ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Maelfu kwa maelfu walikwenda Sake, wakalala makanisani, mashuleni na kwa wenyeji wa Masisi. Haikupita miaka mingi, na watu wa Masisi wakawa wao wanaoshuka, vita nyuma yao, wakapiga mahema juu ya mawe yale yale, Bulengo na Kanyaruchinya, mahali ambapo hata kuchimba choo ni kazi ya nyundo.

Magharibi ya Goma, upande wa Bulengo, watoto wasiachwe kucheza katika mabonde madogo na mashimo, hasa asubuhi na mapema. Humo hukusanyika mazuku, hewa nzito isiyoonekana, nayo huua mbuzi na watu kimya kimya.

Watoto wa safari kama hii huuliza mwishoni ikiwa watu wa Pompeii waliwahi kurudi kwao. Baadhi walirudi kukaa katika magofu, lakini mji haukujengwa upya, nyumba zao zilikuwa chini ya mita nne au zaidi za majivu. Swali linalofuata huwa juu ya Nyamitaba, na hapo mzazi ana la kujibu: Nyamitaba haikufunikwa na mlima wowote.