Vidaka vya Lamu: Fahari Iliyowekwa Ndani

Apitaye vichochoro vya Lamu haoni utajiri. Kuta za matumbawe na chokaa zimepanda juu bila madirisha ya kuchungulia, na nyumba ya tajiri haitofautiani sana na ya jirani. Waungwana wa karne ya 18, biashara ya bahari ilipowaneemesha, walijenga hivyo kwa makusudi.

Mlangoni palikuwa na daka, mahali pa kukaa na wageni wa kiume. Ukipita tekani, yaani ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, unatokea kiwandani, ua ulio wazi juu. Kisha vyumba vinafuatana, virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki upana wa mita 3 hivi: msana wa tini, msana wa yuu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani, cha mama mwenye nyumba. Huko ndiko ukuta mzima ulikopambwa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, vikapangwa bakuli na sahani za China.

Walioviona ni ndugu, wakwe, na wanawake wa nyumba nyingine za mawe waliokuja arusini, yaani watu wenye jicho la kupima. Wa nyumba za udongo na makuti hawakuhesabiwa katika mashindano hayo. Watumwa nao waliingia humo kila siku kufagia na kupangusa. Anayesifu urembo huu bila kuwataja hajasimulia historia yake.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiomboleza kuanguka kwa mji wa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi, hakuviacha vidaka: vimebaki malazi ya makinda ya ndege. Msomaji wa pwani alielewa mara moja ukubwa wa msiba.

Unguja ya karne ya 19 iligeuza mambo. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lenye roshani pande zote, likitazama bahari. Matajiri wa Kiarabu na Kihindi wakashindana kwa milango ya nakshi iliyoelekea barabarani, na sebuleni kwa vioo vikubwa na saa za ukutani. Wakati huohuo sahani za viwanda vya Ulaya zilishuka bandarini kwa bei nafuu, zikafika hadi mashamba ya mikarafuu. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, sahani ya ng'ambo haikuwa tena alama ya kumtenga mtu na mtu. Kwangu hii ndiyo sura tamu kuliko zote: kitu kizuri kimewafikia waliokuwa wakikipangusa tu.

Mji wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na nyumba nyingi za kale, hasa katika kijiji jirani cha Shela, zimenunuliwa na wageni. Sasa vidaka vinajengwa kwenye hoteli za pwani nzima, mara nyingi ukumbini, mkabala na meza ya mapokezi, vikimulikwa na taa. Mafundi wa Lamu wanapata riziki, na hilo ni jema. Lakini anayevitazama leo ni yeyote aliyelipia chumba, na mama mwenye nyumba hayumo.