Sayari iliyoonekana mara mbili bila kujulikana

Juzi nilikesha nikitafuta kosa katika programu yangu. Nilisoma mistari ile ile mara kumi hivi, nisione kitu. Asubuhi nikaiamuru kompyuta ilinganishe faili la jana na la juzi, na kosa likajitokeza papo hapo: mahali pa "jumla" nilikuwa nimeandika "jumal". Macho yaliliona kila mara, lakini akili ilisoma neno iliyolitarajia.

Hapo nikamkumbuka James Challis, mtaalamu wa nyota wa Cambridge, Uingereza. Sayari ya Uranusi ilikuwa haifuati njia iliyokadiriwa. John Couch Adams wa Uingereza na Urbain Le Verrier wa Ufaransa walipiga hesabu, kila mmoja kivyake, wakasema kuna sayari nyingine inayoivuta. Mwishoni mwa Julai 1846 Challis akaanza kuitafuta. Mbinu yake ilikuwa nzuri: andika nyota zote za eneo lile, rudi usiku mwingine, kisha linganisha orodha. Nyota hazihami; sayari huhama.

Tarehe 4 na 12 Agosti aliiandika sayari yenyewe daftarini akidhani ni nyota tu. Alipolinganisha orodha ya 30 Julai na ile ya 12 Agosti, alifika nyota ya 39, akaona zote zinakubaliana, akaacha. Sayari ilikuwa namba 49!

Tarehe 23 Septemba barua ya Le Verrier ilimfikia Johann Galle huko Berlin. Usiku huo huo Galle alikaa kwenye darubini akitaja nyota moja moja, naye Heinrich d'Arrest, aliyekuwa mwanafunzi, akizitafuta kwenye ramani mpya ya anga. Haikuchukua muda, ikatajwa moja isiyokuwamo. Ndiyo Neptuni, na ilikuwa chini ya digrii moja kutoka mahali alipopataja Le Verrier.

Darubini ya Challis haikuwa na kasoro, wala macho yake. Alichokosa ni kumaliza kulinganisha. Heshima ya ugunduzi ikaenda Berlin, naye akabaki na daftari lenye jibu ndani yake.

Basi ukitafuta kitu usikione, usizidi kukodoa macho. Tafuta cha kulinganisha nacho: ramani, orodha, faili la jana. Na usiishie namba 39.