Joseph Okito, seneta wa Kongo ya mwaka 1960

Joseph Okito alizaliwa mwaka 1910 huko Sankuru, kwao Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye Okito alimzidi umri kwa miaka 15. Katika chama cha MNC (Mouvement National Congolais) cha Lumumba alihesabiwa miongoni mwa wazee, na chama hicho ndicho kilichompeleka Seneti.

Maseneta wa kwanza hawakupigiwa kura na raia. Kwa Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, baraza la kila jimbo lilichagua maseneta 14, na angalau 3 kati yao walipaswa kuwa machifu au wakubwa wa kimila. Majimbo yalikuwa 6, maseneta 84. Joseph Iléo alipata urais wa Seneti, naye Okito akawa makamu wa pili.

Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba na kumteua Iléo yuleyule kuwa waziri mkuu. Rais wa Seneti akawa upande mmoja na makamu wake upande wa pili. Siku tatu baadaye maseneta 41 walisimama na Lumumba, 2 tu wakapinga. Okito alikuwa akitajwa kuwa anaweza kushika nafasi ya Kasa-Vubu. Hapo ndipo ilipo hatari iliyomkabili, ingawa vitabu vingi humtaja kama msindikizaji tu. Tarehe 14 Septemba Mobutu, mkuu wa jeshi, alisimamisha kazi za taasisi za kisiasa.

Okito alikamatwa, akafungwa Thysville pamoja na Lumumba na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa Lumumba. Mwisho wa Desemba askari wa Stanleyville, waliomuunga mkono Lumumba, waliingia Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu, na Anicet Kashamura, mwana wa Kivu, akachukua uongozi wa jimbo. Wenye mamlaka Léopoldville, mji mkuu, wakaingiwa na hofu kuu. Tarehe 17 Januari 1961 wafungwa hao watatu walipelekwa kwa ndege Elisabethville, mji mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga, wakipigwa njiani. Usiku huo walipigwa risasi mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Okito aliuawa wa kwanza.

Miili iliyeyushwa kwa asidi. Mwaka 2002 Ubelgiji iliomba radhi kwa familia zote tatu. Jino ambalo Ubelgiji ililirudisha mwaka 2022 ni la Lumumba. Okito hana kaburi.