Fataki Iliyolia Bure

Tarehe 30 Januari 1835, Rais Andrew Jackson wa Marekani, mzee wa miaka 67, alikuwa akitoka katika jengo la Bunge mjini Washington baada ya ibada ya mazishi ya mbunge mmoja. Mpaka rangi aitwaye Richard Lawrence akamjongelea, akamlenga kwa bastola. Fataki ikalia, risasi isitoke. Akatoa bastola ya pili. Nayo ikafanya vivyo hivyo. Jackson akamwendea kwa mkongojo wake, na waliokuwapo wakamkamata mtu yule.

Silaha zile zilipojaribiwa baadaye, zililipuka barabara. Wengi wakasema ni mkono wa Mungu. Jackson mwenyewe akawashuku mahasimu wake wa siasa. Mwendesha mashitaka alikuwa Francis Scott Key, mtunzi wa shairi la bendera lililofanywa wimbo wa taifa mwaka 1931. Waamuzi wakaona kwamba mshitakiwa, aliyeamini kuwa yeye ni mfalme wa Uingereza, hana akili timamu. Alibaki kizuizini hadi alipofariki mwaka 1861.

Kulikoni basi? Kiswahili chenyewe kimehifadhi sehemu ya jibu. Gumegume ni bunduki iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Fataki ni kile kifuniko kidogo cha shaba kilichoirithi kazi ya jiwe hilo. Nyundo huigonga fataki, moto hupenya tundu jembamba na kuifikia baruti. Njia ni fupi, lakini ina vituo vitatu, na kila kituo chaweza kugoma. Siku ile fataki zilitimiza wajibu wao. Moto ndio haukupokewa. Sababu inayotajwa mara nyingi ni unyevu wa hewa, adui ambaye mtu wa pwani hahitaji kuelezwa habari zake.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Februari 1836, Samuel Colt alipata hataza ya Marekani kwa bastola yenye silinda izungukayo. Watu huisifu kwa wepesi wa kupiga risasi mfululizo; lakini ilikuwa pia dawa ya mgomo. Chumba kimoja kikinyamaza, mpigaji huivuta tena nyundo, silinda ikageuka, na chumba kingine kikaja mbele. Hata hivyo, dawa hiyo ilikuja na maradhi yake: vipande vya fataki iliyopasuka viliweza kudondokea ndani ya mtambo na kuukwamisha.

Fundi wa bastola kongwe hakuanza kwa kulaumu bahati. Alianza kwa kusoma alama. Fataki yenye kovu hafifu humwelekeza kwenye springi iliyochoka, au kwenye mafuta yaliyoganda yakaizuia nyundo. Fataki isiyokaa sawasawa hupokea pigo la kwanza kwa kusukumwa tu mahali pake, ikaitika la pili. Yenye kovu zito na kimya huonyesha kwamba dawa iliyomo imekufa. Iliyolia bila risasi kutoka, kama zile za Washington, humpeleka kwenye tundu lililoziba au baruti iliyolowa. Wala hakuharakisha kuigeuza silaha iliyonyamaza na kuichungulia, kwa kuwa moto uliochelewa huweza kufika.

Risasi za maganda ya shaba, zilizoenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, zilikusanya fataki, baruti na risasi katika ganda moja, zikaupunguza sana unyevu. Hazikuumaliza mgomo.

Walioshuhudia siku ile waliigawana: mcha Mungu akaona rehema, mwanasiasa akaona njama, na mahakama ikaona maradhi. Kila mmoja alikuwa akieleza kwa nini mtu alitaka kuua, au kwa nini mwingine alipona. Swali la fundi lilikuwa dogo kuliko yote: moto uliishia wapi? Na ndilo peke yake lililoweza kujibiwa kwa kidole na kitambaa kikavu.