William: Jina la Mshindi Lililopokewa na Walioshindwa

Jina la William limetokana na lugha za Kijerumani za kale, kwa kuunganisha neno la utashi na neno la kofia ya chuma ya vitani. Wafranki walilipenda, na mmoja wao, William wa Gellone, jamaa yake Charlemagne, aliliachia sifa ya ushujaa iliyoimbwa karne nyingi baada ya kifo chake. Wanormandi, ambao asili yao ni mabaharia wa Skandinavia, walilikuta huko Ufaransa. Rollo, kiongozi wao aliyepewa ardhi ya Normandy mwaka 911, alikuwa na jina la kwao. Mwanawe akaitwa William. Kwa hiyo William aliyeivamia Uingereza mwaka 1066 alikuja na jina ambalo wazee wake walilipokea kwa watu ambao wao wenyewe waliwavamia, na jambo hili husahaulika kila inaposemwa kwamba majina huenezwa kwa upanga.

Upanga ulifungua mlango, sikatai. Kabla ya 1066 Waingereza waliitwa Godwin, Leofric, Wulfstan. Karne mbili baadaye majina hayo yalikuwa yamekaribia kutoweka, na William lilikuwa limeenea toka kasri hadi shamba la mtwana. Mwandishi wa historia Robert wa Torigni anasimulia karamu ya Krismasi huko Normandy, mwanzoni mwa miaka ya 1170, ambapo kila asiyeitwa William alitolewa chumbani, na bado wakabaki wapiganaji wa kikabaila zaidi ya 100. Hata hivyo, hakuna sheria iliyomlazimisha mkulima wa Kiingereza kumwita mwanawe hivyo. Atakayesema ilikuwa hofu ya mfalme atazame miaka: William wa Pili alikufa mwaka 1100, na Uingereza haikupata mfalme mwingine wa jina hilo hadi 1689. Katika karne zote hizo jina halikufa. Lilizaa hata majina ya ukoo, Wilson, Williamson, Wilkins, na Waireland wakalifupisha kuwa Liam. Atakayesema ni kazi ya Kanisa naye anakumbana na ugumu, kwani William si jina la mtume yeyote, tofauti na John au Thomas. Wazazi walilichagua kwa kuwatakia watoto wao heshima waliyoiona kwa wakubwa, kisha mazoea ya ukoo, babu kwa mjukuu, yakalishikilia.

Jina linaloshushwa kwa amri huwa na mwisho mwingine. Mjerumani Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, mwaka 1889 alikipa jina la mfalme wa Ujerumani, Wilhelm, ambalo ni William huyo huyo. Wachaga, wenyeji wa mlima huo, hawakuulizwa. Baada ya nchi kupata uhuru kilele kikaitwa Uhuru, ilhali Rais wa tatu wa Tanzania, Benjamin William Mkapa, alilibeba jina la baba yake hadi alipofariki mwaka 2020.