Wa Nani Huyu? Hoja Kuhusu Kujitolea kwa Wasio na Makao Kimilili na Kitale

Mtu akifariki usiku katika kijiji chochote cha Kimilili, kaunti ya Bungoma, jua halijapanda sana kamati ya mazishi huwa imekwisha kuketi. Mwekahazina amechaguliwa, daftari la michango limefunguliwa, vijana wanapasua kuni, akina mama wa chama wanaleta unga na sukari. Hakuna anayelipwa, wala hakuna anayehitaji kushawishiwa. Jamii yenye uwezo huu haiwezi kulaumiwa kwamba imesahau kujitolea. Hata hivyo, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapo, mjini Kitale, kaunti ya Trans-Nzoia, watoto na vijana hulala kwenye varanda za maduka, na wapita njia hao hao walioamka alfajiri kwa ajili ya matanga ya jirani huwapita bila kugeuza shingo. Ni rahisi kuieleza tofauti hii kwa ugumu wa moyo, na wahubiri wengi hufanya hivyo. Naona maelezo hayo hayatoshi. Mchango wa matanga, wa karo na wa hospitali hufuata uanachama: mtu huchangiwa kwa sababu ni mwana wa fulani, ni muumini wa kanisa fulani, au alichanga mwenzake alipofikwa. Anayelala varandani amekwisha kutoka katika hesabu hiyo. Hakuna ajuaye ni wa nani, kwa hiyo hakuna anayejiona ana deni kwake. Makala haya yanadai kwamba kazi ya kwanza ya anayejitolea kwa wasio na makao katika ukanda huu ni kumrudishia mtu uanachama huo, na kwamba makao ya hisani yanastahili kuungwa mkono kwa kadiri tu yanavyoifanya kazi hiyo.

Tuanze na swali la nani hasa amekosa makao, na kwa nini. Sensa ya kitaifa ya familia za mtaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639. Nairobi na Mombasa ziliongoza, kama ilivyotarajiwa, lakini Uasin Gishu, kaunti inayopakana na Trans-Nzoia, ilishika nafasi ya nne kwa watu 2,147 na kuipita Nakuru. Kuhusu sababu, mapitio ya tafiti za nchi nyingi yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA Pediatrics, yakiongozwa na Lonnie Embleton kwa ushirikiano na David Ayuku wa Chuo Kikuu cha Moi, yalionyesha kwamba watoto na vijana wa mtaani waliulaumu umaskini kwa asilimia 39, ugomvi wa kifamilia kwa asilimia 32 na kudhulumiwa kwa asilimia 26. Utundu, ambao mitaani ndio unaotajwa kwanza kila kijana wa mtaani anapopita na mkokoteni wa vyuma vikuukuu, ulikuwa mwishoni kabisa mwa orodha. Takwimu hizi zina historia nyuma yake. Trans-Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na waliolima mahindi yale waliishi shambani kwa ridhaa ya mwajiri. Baada ya uhuru, mipango ya makazi kama ile ya Ndalu, Tongaren na Naitiri iligawa ardhi kwa walioweza kutoa malipo ya kwanza na kubeba mkopo. Vibarua wengi hawakuweza, na watoto na wajukuu wao wangali wanahama kutoka chumba cha kukodi hadi kingine. Katika eneo ambalo mtu huzikwa kwake, penye shamba la ukoo, kukosa ardhi ni zaidi ya kukosa mahali pa kulima. Kunamkosesha mtu anwani ambayo majirani huitumia kumtambua. Mjane aliyefukuzwa na shemeji zake hupoteza shamba na kitongoji kwa siku moja, hata kama Sheria ya Urithi na Katiba ya 2010 zimemlinda kwa maandishi.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii uko katika miaka ya 2006 hadi 2008. Mgogoro wa ardhi ya Chebyuk katika Mlima Elgon ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, ambalo kwa mujibu wa ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2008 liliua zaidi ya watu 600 kabla jeshi halijaingia Machi mwaka huo kwa Operesheni Okoa Maisha, operesheni ambayo nayo iliacha malalamiko mazito ya mateso na ya watu waliotoweka. Maelfu walishuka mlimani kwenda Kimilili, Bungoma na Trans-Nzoia. Wakati huohuo ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimegeuza uwanja wa maonyesho wa Kitale kuwa kambi. Hesabu ya serikali kwa nchi nzima ilipita watu 660,000 waliohamishwa, na karibu nusu yao hawakuingia kambini, walipokelewa majumbani. Hii ilikuwa kazi kubwa mno ya kuwapa watu makao, na ilifanywa bila ofisi wala tangazo la wafadhili. Lakini tazama ilivyofanyika. Mtu aligonga mlango anaoujua: wa dada yake aliyeolewa, wa mwenzake wa rika, wa muumini wa kanisa lake. Tazama pia kilichofuata: misaada na orodha za fidia zilianzia kambini, na waliohifadhiwa na jamaa mara nyingi waliachwa nje, wao pamoja na wenyeji waliogawana nao gunia la mwisho la mahindi. Basi tunajifunza mawili kwa pamoja. Nguvu ya kujitolea ipo na hufuata nyuzi za ujamaa. Na taasisi zetu, za serikali na za hisani, hazijui kuiona nguvu hiyo mpaka iwekewe ua na bango.

Makao ya watoto yaliyochipuka katika kaunti hizi tangu miaka ya ukimwi yalijengwa kwa mtazamo huohuo wa ua na bango. Mengi yalianzishwa na watu wema waliochoka kuona watoto wakilala njaa, na itakuwa dhuluma kusahau kwamba yaliokoa maisha. Tatizo liko katika namna yanavyopata fedha. Mfadhili hulipia vitanda, kwa hiyo kitanda kitupu ni hasara, na mtoto aliyerudi kwao hutoweka katika barua ya shukrani. Wanaojitolea nao huvutwa kuelekea penye vitanda. Vijana wa ng'ambo huja kwa majuma machache, wakapendwa, wakaondoka. Vikundi vyetu vya makanisa huja msimu wa Krismasi na mikate, sabuni na soda, wakapiga picha, wakaondoka vilevile. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unaelekeza malezi yarudi katika familia na jamii. Utafiti wa Bucharest ulioanza mwaka 2000, uliowafuatilia watoto 136 wa vituo vya malezi na kuwapeleka nusu yao kwa familia za malezi kwa bahati nasibu, ulionyesha kuwa waliolelewa katika familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa mapema. Ni kweli kwamba watoto wale walikuwa wachanga, na vituo vya Romania havikufanana na makao ya kanisa ya Kimilili. Sitaki kuubebesha utafiti ule mzigo usio wake. Lakini unatosha kuonyesha kwamba chakula na paa, hata vikiwepo, havichukui nafasi ya mtu anayemwita mtoto kuwa wake.

Kumrudishia mtu uanachama ni kazi yenye hatua zinazojulikana, na karibu zote zinahitaji maarifa ambayo mgeni hana. Mtoto akifika makaoni, swali la kwanza la mwenyeji anayejitolea liwe ni la nasaba: mama yake ni wa ukoo gani, na mjomba wake anakaa wapi? Miongoni mwa Wabukusu mjomba ana nafasi ambayo hakuna mkurugenzi wa shirika anayeweza kuijaza. Mvulana anayetahiriwa Agosti ya mwaka wa shufwa huenda kwa mjomba kuvishwa luliki, ile nyama ya fahali aliyechinjwa kwa ajili yake, na kwa hiyo hata mtoto ambaye baba yake hajulikani au amemkana ana mlango wa upande wa mama ambao mila imeuacha wazi. Baada ya mjomba huja liguru, yaani mzee wa kijiji, na naibu wa chifu, ambao mara nyingi huhitajika ili cheti cha kuzaliwa kipatikane. Bila cheti, mtoto husumbuka kusajiliwa shuleni, na akifika miaka kumi na minane husumbuka kupata kitambulisho. Kwa mwanamke mtu mzima kazi inakuwa nyingine: kumsindikiza mahakamani kuhusu urithi, kumlipia kodi ya miezi michache, na kumdhamini aingie katika chama cha mzunguko ili mwaka ujao yeye ndiye awe anawachangia wengine. Hatua hii ya mwisho naipa uzito kuliko zote. Anayepokea tu hubaki mgeni hata akikaa miaka kumi, na siku anapotoa shilingi hamsini za matanga ya jirani, jirani huanza kumhesabu.

Kuna utafiti unaoonekana kuipinga hoja hii moja kwa moja, na umefanyika karibu sana nasi kiasi kwamba hauwezi kukwepwa. Mradi wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake uliolinganisha malezi ya yatima na watoto waliotengana na wazazi huko Uasin Gishu uligundua, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, kwamba makao ya hisani yaliyatimiza mahitaji ya kimsingi ya watoto, kama chakula, mavazi na malazi, kuliko kaya za jamaa waliowapokea. Anayetaka kufunga makao yote kesho lazima ajibu jambo hilo. Jibu langu ni kwamba utafiti huo unapima mahali fedha zilipo. Makao yana mfadhili. Bibi anayelea wajukuu wanne kwenye robo ekari hana, au anasubiri shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, zinazochelewa. Tofauti hiyo itaendelea maadamu msaada unafungwa kwenye jengo. Msaada ukimfuata mtoto hadi kwa bibi yake, kama karo, magodoro, mbolea ya msimu na ziara ya kila mwezi, kaya inaacha kuwa chaguo la kimaskini. Wafadhili husemwa kuwa hawatakubali kulipia kitu kisichopigika picha. Hofu hiyo ina msingi, lakini wafadhili walifundishwa kupenda majengo na wasimamizi wetu wenyewe, waliowatumia picha za majengo kwa miaka thelathini. Wanaweza kufundishwa upya kwa ripoti za namna nyingine.

Pingamizi la pili ni zito kwa jinsi nyingine. Zile asilimia 26 zilizotajwa hapo juu ni watoto waliokimbia kipigo, au jambo baya kuliko kipigo, na kwao nyumbani ndiko penye hatari. Hoja ya uanachama isigeuzwe kuwa kisingizio cha kumrudisha msichana kwa baba wa kambo aliyemnajisi, wala cha kumaliza kesi ya unajisi kwa mbuzi mbele ya wazee, jambo ambalo ni kosa na hufanyika. Ndiyo maana makao ya dharura, yenye mlango unaofungwa na mtu aliyefunzwa kusikiliza, yatahitajika daima, na ndiyo maana kutafuta jamaa si sawa na kurudi alikotoka mtoto. Shangazi wa Webuye, mjomba wa Chwele au familia ya malezi iliyoidhinishwa chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 ni ujamaa pia. Uamuzi wa nani anafaa haupaswi kuachiwa mtu anayejitolea peke yake, hata awe mcha Mungu namna gani. Ni wa afisa wa watoto na mahakama, na kazi ya anayejitolea ni kuwapelekea habari sahihi na kuendelea kumtembelea mtoto baada ya faili kufungwa.

Limebaki lalamiko ambalo viongozi wa mashirika hulisikia kidogo kwa sababu watu wa kawaida huona haya kulisema: watu wamechoka. Familia ya Kimilili inachanga matanga, karo, ujenzi wa kanisa na gari la wagonjwa, na kuiongezea watoto wa Kitale ni kuwatoza kodi maskini huku wenye uwezo wakipongezwa kwa hotuba. Nalikubali lalamiko hilo kikamilifu. Kumtaka mama mwenye kibanda cha mboga aache biashara siku mbili kwa wiki, apande boda kwa nauli yake kwenda kumtafuta shangazi wa mtoto huko Kapsokwony, na kuuita huo moyo wa kujitolea, ni kumnyonya. Mfano wa kufanya vingine tunao tayari: mwaka 2023 serikali ilianza kuwalipa wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 posho ya mwezi, inayobebwa kwa pamoja na serikali kuu na kaunti, baada ya miaka mingi ya kuwategemea bure. Wanaojitolea kulinda watoto chini ya idara ya huduma za watoto wanafanya kazi ya aina ileile, wakitembea nyumba kwa nyumba katika lokesheni zilezile, na wengi hawapati hata nauli. Mabunge ya kaunti za Bungoma na Trans-Nzoia yanaweza kuanza na nauli hiyo na muda wa maongezi, na kudai kutoka kwa kila makao yanayopokea msaada katika maeneo yao taarifa ya kila mwaka inayosema ni watoto wangapi walipata jamaa, nani aliwatembelea baada ya kuondoka, na wangapi kati yao bado wako huko walikopelekwa miezi kumi na miwili baadaye.